Watu wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Nikitaja kwamba kazi yangu ni uuguzi wa wagonjwa wa figo, swali la kwanza huwa lilelile: "Hivi wale wanaponaga kweli?" Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mtu mwenye ndugu aliyeanza kuvimba miguu. Siku hizi najibu bila kuzunguka. Wengi hawaponi, ikiwa kupona maana yake ni kama kupona malaria. Figo zilizoliwa taratibu na kisukari au presha kwa miaka mingi hazirudi. Lakini wagonjwa haohao wanakwenda kazini, wanasomesha watoto, wanabishana kuhusu Simba na Yanga mpaka presha inapanda wakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu na inabidi niwanyamazishe. Yupo mmoja aliyeoa huku alama za sindano za juzi hazijakauka mkononi.

Nilianzia wodi ya wanaume, magonjwa ya ndani. Kule mgonjwa analazwa, anakaa siku kadhaa, kisha anaruhusiwa au anafariki. Ukikutana naye sokoni baada ya miezi miwili anakukumbuka yeye, wewe humkumbuki. Chumba cha kusafisha damu ni nchi nyingine kabisa. Hapa hakuna kuruhusiwa. Mtu huja mara 3 kwa wiki, hukaa kwenye mashine muda wa saa 4, na hufanya hivyo mwaka mzima, sikukuu zote zikiwemo. Kundi moja ni la Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jingine ni la Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hata majina yao huanza kufutika, tunasema "yule mama wa Jumanne asubuhi" na kila mtu anajua ni nani. Saa 12 kwa wiki ni nyingi. Sina jirani ninayekaa naye muda huo, na kaka zangu siwaoni hivyo kwa mwezi.

Kitengo hiki sikukiomba. Matroni alinipanga, nikanung'unika, nikaenda. Niliogopa mashine: taa, kengele, mipira miwili iliyojaa damu ya mtu ikizunguka nje ya mwili wake. Aliyenifundisha ni dada mmoja mwenye miaka mingi kwenye kazi hiyo, na mbinu yake ilikuwa kunisimamisha pembeni yake mpaka nikome kuruka kengele ikilia. Wenzetu Kenya wana stashahada ya juu ya uuguzi wa figo pale KMTC, chuo chao cha mafunzo ya tiba. Kwetu wengi tumejifunza kwa kusimama pembeni ya mtu.

Niieleze mashine kwa ufupi, maana watu wengi wanadhani ni aina fulani ya dripu. Damu hutoka mwilini kwa sindano moja na kusukumwa na pampu kwenye kichujio chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani. Damu hupita ndani ya nyuzi. Nje yake hupita maji maalumu yenye chumvichumvi zilizopimwa, yakielekea upande wa pili. Taka ambazo figo zingetoa kwenye mkojo huvuka kwenda kwenye maji hayo, maji ya ziada mwilini huvutwa, na damu hurudi kwa sindano ya pili. Maji hayo hupita kwa kasi ya karibu mililita 500 kwa dakika. Kwa muda wa saa 4 ni lita 120, yaani ndoo 6 kubwa kwa mgonjwa mmoja, kwa zamu moja. Na si maji ya bomba hivihivi. Klorini inayotulinda na kipindupindu ikivuka na kuingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Kwa hiyo kazi ya kwanza alfajiri, kabla hata ya kusema shikamoo kwa mtu yeyote, ni kupima maji. Kipimo kikiwa kibaya hakuna anayeunganishwa, hata wakipiga kelele mlangoni.

Umeme ukikatika mashine huwa na betri ya kuzungusha damu kwa muda mfupi, halafu basi. Jenereta likichelewa, kila nesi anashika mkono wa pampu na kuzungusha mwenyewe, taratibu, ili damu isigande kwenye mipira. Mashine zikiwa nyingi na manesi wachache, ndugu waliokaa nje huitwa. Nimeshafundisha dereva wa bodaboda kuzungusha damu ya shangazi yake kwa sekunde chache tu za maelekezo. Alizungusha vizuri kuliko wanafunzi wetu.

Lakini mashine unajifunza mara moja, basi. Kazi yenyewe iko kwenye mizani iliyopo mlangoni.

Kila mgonjwa wetu ana uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada. Asiyekojoa, sehemu kubwa ya anachokunywa inabaki mwilini mpaka aje kwetu. Lita moja ni kilo moja, mizani haidanganyi. Aliyeondoka Ijumaa na kilo 62 akirudi Jumatatu na 66, ana lita 4 za kutolewa, na kuzitoa zote kwa muda wa saa 4 ni adhabu: misuli ya miguu inakaza, presha inaanguka, anatapika, anaona giza. Ukitoa kidogo ili asiteseke, anaondoka na maji kwenye mapafu. Kwa hiyo tunapatana. "Baba, leo tutoe tatu, halafu hiyo moja uje nayo Jumatano bila kuongeza nyingine." Anakubali. Jumatano anakuja na tatu.

Wana ujanja wote. Wanavua viatu, mkanda, saa, mmoja alitaka kuvua meno ya bandia. Wanasema wamekunywa kikombe kimoja tu, bila kutaja kikombe chenyewe ni cha ukubwa gani. Nikajifunza kuacha kuuliza kuhusu maji. Siku hizi nauliza: "Jana usiku umelalia mito mingapi?" Mtu mwenye maji kwenye mapafu hawezi kulala chali, hujiongezea mto bila kujua anajisaidia kupumua. Mto mmoja ni salama. Mito mitatu, namwita daktari kabla sijamsogeza. "Nimelala nimekaa kwenye kochi" ni dharura, hata kama anacheka wakati anasema. Swali hilo halina aibu ndani yake, ndiyo sababu hulijibu kwa ukweli.

Jumatatu ndiyo siku nzito kuliko zote. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna siku mbili kamili bila mashine, na ni jambo linalojulikana duniani kote kwamba vifo vya wagonjwa wa kusafisha damu huongezeka mwishoni mwa pengo hilo. Ukiongeza kwamba wikiendi ndiyo kuna harusi, vipaimara na misiba, unaelewa kwa nini Jumatatu asubuhi nesi wetu hatabasamu mpaka mizani imalize kazi yake. Nyama choma haina neno. Chumvi iliyopakwa juu yake ndiyo inayoleta kiu, na kiu huwezi kuikemea. Kumwambia mtu wa Dar es Salaam asinywe maji mwezi wa pili, joto lile, bila kumwambia kwanza apunguze chumvi, ng'onda na supu, ni kumtesa bure. Tunawafundisha kunyonya kipande cha barafu, kusukutua na kutema, kukata limau. Wengine wanafaulu. Wengine wananitazama kama mtu aliyewahi kushiba akimshauri mwenye njaa, na sina la kuwajibu.

Kuna jambo la madafu ambalo lazima nilisemee. Huku pwani mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na dafu ni zawadi ya heshima. Zaidi ya hapo, kila mtu ameshasikia kwamba dafu linasafisha figo. Kwa mwenye figo nzima dafu ni kinywaji kizuri tu. Kwa asiyekojoa ni jambo tofauti. Maji ya dafu yamejaa potasiamu. Dafu moja la ukubwa wa kawaida linaweza kuwa na karibu gramu moja, wakati wengi wa wagonjwa wetu wanatakiwa wasizidishe kama gramu mbili kwa siku nzima, chakula chote kikihesabiwa. Potasiamu ikizidi kwenye damu haileti maumivu ya kukutahadharisha. Miguu inakuwa mizito, nguvu zinaisha, kisha moyo unaanza kupiga ovyo, na unaweza kusimama. Nimempokea mzee aliyeingia akiburuza miguu, akisema ni uchovu wa safari. Kipimo cha moyo kilitutisha sote. Akachomwa sindano ya kalsiamu kuulinda moyo, akawekwa kwenye mashine mbele ya waliotangulia, na katikati ya awamu akaanza kunisimulia. Shemeji yake alikuwa amemletea madafu mawili kutoka Bagamoyo, tena akamsimamia mpaka akamaliza. Ni mapenzi kabisa. Huyo shemeji sikumgombeza. Nilimkalisha chini nikamweleza, naye sasa ndiye mlinzi mkali wa mlo wa mzee kuliko mimi.

Na si madafu tu. Ndizi, viazi, parachichi, maharage, nyanya nyingi kwenye mchuzi, juisi ya ukwaju. Hatusemi asile kabisa, maana mtu akikatazwa kila kitu hula kila kitu kwa siri. Tunasema viazi na ndizi zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Jaribu kumwambia bibi wa Kihaya amwage maji ya ndizi. Nilijaribu. Aliniuliza kwa upole kama mama yangu alinifundisha kupika.

Ramadhani nayo huleta swali lake kila mwaka. Mimi si shehe, na wagonjwa wetu wanajua vizuri kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Bado wapo wanaofunga siku zisizo za mashine, kwa sababu kutofunga kunawaumiza kuliko kiu. Nawaambia ukweli wa mwili, kisha namwachia mtu na Mola wake na daktari wake. Mchana wenyewe hauna shida sana. Shida huja magharibi: tende, uji, glasi za maji mfululizo kufidia kutwa nzima. Tende zina potasiamu ya kutosha kumharibia mtu usiku. Tende moja ya kufungulia, basi, na maji kwa kikombe cha kahawa. Wazee wa Jumanne walibishana kuhusu hilo wiki nzima wakiwa wameunganishwa, wakaafikiana kwamba sista ana hoja. Sijui kama walitekeleza. Mizani ilisema nusunusu.

Nikirudi nyuma kidogo kwenye historia: kazi hii isingekuwepo kama si mkono. Mholanzi Willem Kolff alikuwa na mashine inayofanya kazi tangu mwaka 1943, katikati ya vita, akitumia mirija ya selofani iliyotengenezwa kwa ajili ya soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki, mpaka 1945 alipopona mama mmoja wa miaka 67. Tatizo lilikuwa kwamba kila awamu ilihitaji kukata mishipa mipya, na mishipa ya binadamu huisha. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Belding Scribner akaweka mrija wa plastiki ya Teflon ulioachwa mkononi mwa mgonjwa, ukafunguliwa na kufungwa kila anaporudi. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Kuanzia siku ile kukawa na watu wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wakahitaji nesi.

Leo tunatumia fistula, iliyobuniwa miaka ya sitini pia. Daktari wa upasuaji huunganisha ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, na vena, mshipa unaoirudisha, hapohapo mkononi. Vena hunenepa, hukomaa kwa wiki sita au zaidi, ndipo tunaweza kuichoma. Ukiweka vidole juu yake unahisi mtetemo. Nawafundisha wagonjwa waushike kila asubuhi kabla hawajatoka kitandani, na ukinyamaza waje mbio, wasingoje siku yao. Mkono huo haupimwi presha, hauvalishwi bangili ya kubana, haubebi ndoo, haulaliwi. Wanawake wengi huniuliza watafua vipi. Ni swali la haki.

Sindano zetu ni nene, na kila mgonjwa ana nesi wake wa kumchoma. "Leo sista yupo? Kama hayupo nasubiri." Msifiwa akiwa ni wewe unafurahi, akiwa ni mwenzako unajifanya hujasikia. Wapo wanaojichagulia mahali: hapa leo, pale Jumatano. Nawasikiliza, kwa sababu kuchoma sehemu moja kila mara hudhoofisha ukuta wa mshipa, na mwenye mkono anajua historia ya mkono wake kuliko faili.

Ningependa wote waje na fistula iliyokomaa. Hawaji nayo. Wengi hufika wakiwa wameshavimba uso, wanahema, wamechanganyikiwa kwa taka zilizojaa kwenye damu, na inabidi daktari awawekee katheta, yaani mrija wa kupitishia damu, shingoni usiku huohuo. Katheta inaokoa maisha, lakini ni mlango wazi wa vijidudu, na mgonjwa aliyeanza nayo anaanza amechelewa. Hapo ndipo unapozaliwa ule uvumi unaozunguka mitaani: mashine ikishakushika haikuachi, na wakianza kukusafisha damu ujue umekwisha. Naelewa unatoka wapi. Mtaani wanamwona jirani amepelekwa kusafishwa damu, wiki ya pili wanaitwa msibani. Hawakuona miezi sita aliyoishi akinywa majani ya mti na vidonge vya diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, dawa ambazo zenyewe zinaumiza figo zilizokwisha kuchoka, akiogopa kupima.

Na si kweli kwamba haimwachi mtu. Figo zinazosimama ghafla, kwa malaria kali, kwa kupoteza damu nyingi, kwa kifafa cha mimba, mara nyingi huamka tena zikipewa muda. Nilihudumia binti aliyejifungua kwa upasuaji baada ya kupata kifafa cha mimba. Mtoto alikuwa salama nyumbani kwa bibi yake, mama yake hajatoa hata tone la mkojo. Kila siku mama mkwe aliuliza swali moja, na kila siku jibu lilikuwa hapana. Baada ya wiki kadhaa za mashine, asubuhi moja mfuko ukawa na mkojo kidogo, mzito, rangi ya chai ya rangi. Wiki iliyofuata ukajaa. Tulipeana mikono kwa sababu ya mkojo, watu wazima na akili zetu. Katheta ya shingoni ilitolewa, akaenda zake kunyonyesha. Yule ni miongoni mwa wachache walioruhusiwa, na kila nikikutana na mtu anayeogopa mashine namsimulia yeye, bila jina.

Sasa pesa, maana ukizungumzia figo bila pesa unapiga porojo.

Seattle, walipogundua kwamba mtu anaweza kuishi miaka kwa mashine, mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Wakaunda kamati ya watu saba, siyo madaktari watupu: mchungaji, mwanasheria, mfanyabiashara wa benki, mama wa nyumbani, na kadhalika. Wao ndio walichagua nani awekwe kwenye mashine. Jarida la Life lilipoandika habari hiyo mwaka 1962 watu walishtuka kusikia kwamba walipima ndoa ya mtu, kazi yake, hata mahudhurio yake kanisani. Miaka kumi baadaye, 1972, Marekani ikapitisha sheria ya serikali kulipia karibu kila mwenye figo zilizokufa, na kamati za namna ile zikakosa kazi.

Kwetu hakuna kamati. Awamu moja inaweza kufika laki mbili na ushei, mahali pengine zaidi. Zidisha kwa awamu 3 kila wiki: ni zaidi ya milioni 2 na nusu kwa mwezi, kabla ya nauli, vipimo na sindano za kuongeza damu, maana figo zikifa mwili hukosa homoni ya kutengenezea damu. Mwenye bima inayogharamia, kama NHIF, hulipiwa. Asiye na bima huuza. Kwanza shamba, kisha pikipiki, kisha kiwanja, kisha ndugu wanafungua kundi la michango la WhatsApp ambalo wiki ya kwanza linachangamka na mwezi wa tatu linabaki na watu wawili wanaotumiana picha za maua. Halafu mgonjwa anakuja kwangu, ananiambia kwa aibu: "Sista, kuanzia wiki hii nitakuwa nakuja mara mbili." Baadaye mara moja. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna aliyepiga kura, na jibu ni lilelile ambalo kamati ya Seattle ingetoa kwa mtu asiyechaguliwa. Tofauti ni kwamba pale walikuwa watu saba waliojificha majina. Hapa anayeona ni nesi aliyeshika daftari la mahudhurio.

Ninachofanya ni kidogo. Namwambia ukweli wa mara mbili ni nini na mara moja ni nini. Napanga mahesabu ya chumvi na maji upya, makali zaidi. Nampeleka ustawi wa jamii, nakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe, kwa sababu mtu aliyekuwa na heshima zake hujiondokea akiachwa kwenye foleni ya kuomba msamaha wa gharama. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Nitaipima kwa jambo moja: siku nitakapofungua daftari na kuona hakuna aliyepunguza awamu kwa sababu ya pesa.

Kupandikiza figo ndilo jibu bora kwa wengi. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wakafuata 2018, na safari za India si lazima tena kama zamani. Lakini lazima apatikane ndugu wa kutoa, na hapo nimeona mambo ya familia ambayo sitayaandika. Nitasema tu kwamba anayejitolea mara nyingi si yule aliyepiga kelele nyingi kwenye kikao cha ukoo.

Wanafariki pia. Kiti cha mtu kikiwa tupu Jumatano, waliobaki huuliza kabla sijavua koti: "Babu wa dirishani yuko wapi?" Zamani wakubwa wetu walitaka tuseme amehamishwa. Mimi nilikataa mapema. Watu hawa wamekaa pamoja miaka, wanajua watoto wa wenzao kwa majina, hawadanganyiki. Nasema, "Ametutoka Jumapili." Wanakaa kimya, kisha mmoja anaanza kukusanya rambirambi, na anaanza na mimi.

Wadogo zangu wanaomaliza chuo huniandikia kuuliza kama waombe kitengo hiki. Mgongo utauma. Chanjo ya homa ya ini upate kabla hujagusa mpira wa damu, usikubali kuambiwa baadaye. Utaitwa usiku kwa mgonjwa mpya, posho itachelewa. Nyumbani utaanza kuhesabu glasi za maji za mama yako mzazi. Ukiwa mtu wa kupenda kuona mgonjwa anapona na kuondoka, nenda wodi ya wazazi, ni kazi nzuri, hakuna ubaya. Ukipenda kujua watu, njoo.

Wiki ijayo tunapokea manesi wawili wapya. Mmoja ameshaniuliza ataanza lini kuunganisha wagonjwa kwenye mashine. Nimemwambia wiki mbili za mwanzo atakaa mlangoni kwenye mizani na daftari, aandike uzito, aandike mito, ajue nani amekuja na nauli ya kurudi na nani hana. Hakufurahi. Matroni naye anaona ni kupoteza muda, tutazungumza Jumatatu.